Joka la Tanganyika: mlinzi wa maji aliyegeuzwa adui

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jane Goodall alikuwa akitembea ufukweni mwa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, miguu yake ikiwa majini. Mara akamwona nyoka akielea karibu naye, mrefu kama futi sita. Alimtambua: fira wa maji, ambaye kuumwa naye wakati ule hakukuwa na dawa. Wimbi likamsukuma nyoka hadi sehemu ya mwili wake ikalala juu ya mguu wa binti huyo. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisimama kimya, pumzi ameibana, hadi wimbi lilipovuta maji na kumrudisha nyoka ziwani. Ndipo aliporuka kutoka majini. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake In the Shadow of Man cha mwaka 1971.

Fira huyo ni wa kwetu hasa. Fira wa maji wapo pia katika mito na maziwa ya Afrika ya Kati, lakini aina hii yenye mwili wa kahawia inayong'aa na mikanda michache myeusi shingoni haipatikani kokote duniani ila katika Ziwa Tanganyika na kandokando yake. Hujificha kwenye majabali ya ufukweni, huzamia kufuata samaki, na akimsikia mtu huondoka zake. Sumu anayo, tena kali, ila ugomvi hana. Hata hivyo mtu anayemwona kwa mara ya kwanza akiinua kichwa juu ya maji, neno linalomtoka ni moja tu: joka!

Neno hilo lina historia yake ndefu. Kiswahili kimeliunda kwa njia yake ya kawaida ya kukuza kitu: nyoka akiongezewa ukubwa na kitisho anakuwa joka, kama mtu anavyokuwa jitu. Kwa neno hilohilo tunamtaja chatu aliyekutwa shambani, mnyama wa vichwa saba katika Biblia, na yale makubwa yanayotema moto ambayo watoto wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, huyatazama katika filamu za Kichina kwenye vibanda umiza. Yote ni majoka. Lakini hayakuja kwa njia moja, wala hayakuja na kazi moja. Mengine yametoka majini humuhumu, mengine yamepanda na misafara kutoka Pwani, mengine yameletwa na wamisionari kutoka Ulaya. Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara na mwanzo wa njia ya majini, ndipo yalipokutana.

Kisima kisichoonyeshwa mgeni

Katikati ya mwaka 1876, Henry Morton Stanley aliondoka Ujiji kwa mashua yake, Lady Alice, kulizunguka ziwa. Miaka mitano nyuma alikuwa amemkuta David Livingstone katika mji huohuo. Safari hii, kati ya mambo aliyoyaandika, kuna kisa alichopewa na Wajiji kuhusu namna ziwa lilivyozaliwa. Kilichapishwa mwaka 1878 katika kitabu chake Through the Dark Continent, na hakuna hazina ya simulizi ya mwambao huu inayokizidi.

Hapo kale, wanasema, mahali penye maji leo palikuwa nyika pana yenye watu, ng'ombe na mbuzi. Katika mji mmoja mkubwa waliishi mume na mke waliokuwa na kisima kirefu ndani ya ua wao. Kisima hicho kilibubujika maji, na ndani yake mlikuwa na samaki watamu wasiokwisha. Kulikuwa na mwiko mmoja tu, uliorithishwa kizazi kwa kizazi: siku kisima kitakapoonyeshwa mgeni, ndiyo siku ya maangamizi.

Mke akapenda mwanamume mwingine. Akawa anampelekea samaki kwa siri, na yule bwana akawa anashangaa: nyama gani hii tamu, inatoka wapi? Akauliza, akauliza tena. Mume aliposafiri kwenda Uvinza kwa biashara, mke akamwingiza mgeni uani na kumwonyesha. Mgeni akaona samaki wakicheza, wakigeuka huku na huku majini. Akanyoosha mkono, akamgusa mmoja.

Hapo mzimu ukakasirika. Ardhi ikapasuka, nyika ikadidimia, chemchemi ikafurika na kujaza ufa wote. Mji, watu na mifugo vikazama. Mume aliporudi kutoka Uvinza alikuta maji hadi upeo wa macho.

Katika kisa hiki joka halitajwi, ila kazi ya joka imo yote. Kuna chemchemi, kuna mali isiyo na mwisho, kuna nguvu isiyoonekana inayoilinda, na kuna mpaka ambao mkono wa mtu haupaswi kuuvuka. Msomaji wa fasihi za kale za Ulaya atashtuka kwa mfanano. Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale uliohifadhiwa katika mswada wa miaka ya 1000 hivi, joka linalala juu ya hazina miaka mingi bila kumgusa mtu. Linaamka na kuchoma nchi kwa sababu mtu mmoja ameiba kikombe kimoja. Kule kikombe, huku samaki mmoja aliyeguswa. Kwa Wagiriki, ambao kwao Ulaya ilirithi neno drakon, joka lilikaa kwenye chemchemi au kwenye mti wa matunda ya dhahabu likilinda, na wataalamu wa lugha hulihusisha neno hilo na kitenzi cha kuona. Joka ni jicho lisilolala.

Pumzi ya nyoka angani

Ukivuka ziwa kwenda upande wa Kongo, unafika nchi ya Watabwa, kwenye milima ya Marungu. Wao humsimulia Nfwimina, nyoka mkubwa kupita kiasi ambaye pumzi yake ndiyo upinde wa mvua. Mbele yao, Waluba husimulia juu ya Nkongolo Mwamba, mfalme wa kwanza mkali, ambaye jina lake linafungamana na upinde huohuo, nao upinde ni nyoka. Mtu wa Pwani akiuona upinde wa mvua hufurahi. Mtu wa Marungu alijua kwamba upinde ukitokea mvua hukatika, na aliyeikata ni nyoka.

Upande wetu wa kusini, Ufipa, hadithi ni tulivu zaidi. Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyefanya utafiti kwa Wafipa, alieleza katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974 jinsi chatu alivyoheshimiwa kama mwili wa roho ya mahali, yaani roho ya mlima, ya msitu au ya maji. Kila mahali palikuwa na mtunzaji wake. Chatu akijitokeza hakupigwa fimbo. Alipokewa kama mgeni wa heshima, akawekwa juu ya kigoda na kupakwa mafuta, kwa kuwa ujio wake ulikuwa habari njema kwa nchi.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa karibu. Huyu ni chatu yuleyule ambaye leo akionekana karibu na nyumba watu hutoka na mapanga. Mikono ya wazee wetu ilimpaka mafuta. Si kwamba hawakumwogopa. Walimwogopa sana, wakaupa woga wao adabu.

Joka lililopanda na misafara

Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walianza kujenga makazi Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858 walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani kuelekea baharini, na kutoka baharini ikaleta nguo, shanga, Kiswahili na dini. Mwembe na msikiti vikaota pamoja.

Pamoja na dini kulikuja majoka mengine. Katika vyuo vya Kurani vya Ujiji mtoto alijifunza habari za Nabii Musa na fimbo yake, iliyogeuka nyoka mkubwa mbele ya Firauni na kuzishinda hila za wachawi. Hapo joka si shetani. Ni ishara, na limo mikononi mwa Mungu. Ngano za Pwani nazo zilikuwa na nyoka wa aina yao: katika hadithi ya Hasibu Karimu Dini, ambayo Edward Steere aliichapisha London katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870, mfalme wa nyoka anampokea kijana aliyetupwa shimoni, anamlisha na kumtunza, na ni binadamu ndiye anayevunja ahadi.

Mabaharia walikuwa na joka lao pia. Al-Masudi, mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad na aliyesafiri hadi mwambao wa Afrika Mashariki mnamo mwaka 916, aliandika katika Muruj al-Dhahab kuhusu tinnin, joka la baharini. Aliweka pamoja maoni yaliyogongana. Baadhi ya watu walisema ni mnyama wa kilindini ambaye mawingu humnyanyua kutoka baharini. Wengine walisema si mnyama kabisa, bali ni upepo mweusi unaozuka chini ya bahari, unapanda ukizunguka hadi kushikana na wingu, na watu wakiona weusi wake mrefu hudhani ni nyoka. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Mwarabu huyo alikuwa ameshaeleza nguzo ya maji, ile kamba nene inayoning'inia kutoka wingu hadi majini. Mvuvi wa ziwa hili anaijua. Akiiona mbali hangoji kubishana kama ni nyoka au ni upepo. Anageuza mtumbwi.

Mkuki wa Jiorji

Joka la tatu lilifika likiwa na mkuki ubavuni.

Ulaya ya zama za kati ilikuwa imelibadilisha joka. Lile jicho la Wagiriki kwenye chemchemi lilikwisha kuunganishwa na nyoka wa kitabu cha Mwanzo na joka la Ufunuo, likawa sura ya Shetani. Katika miaka ya 1260 mtawa wa Kidominiko, Jacobus de Voragine, alikusanya maisha ya watakatifu katika kitabu kilichopewa jina la Legenda Aurea, na humo kisa cha Mtakatifu Jiorji kikapata umbo linalojulikana hadi leo. Inafaa kukumbuka mahali alipokiweka: Afrika. Mji uliitwa Silena, katika nchi ya Libya, na kando yake kulikuwa na ziwa kubwa kama bahari. Ndani ya ziwa hilo lilikaa joka. Watu walilipa kondoo wawili kila siku. Kondoo walipopungua wakalipa watoto wao kwa kura, hadi kura ikamwangukia binti wa mfalme. Jiorji akapita na farasi, akalichoma joka kwa mkuki, binti akalifunga mshipi wake shingoni na kuliongoza mjini kama mbwa. Joka halikuuawa mpaka watu walipokubali kubatizwa.

Ziwa, joka, mgeni mwenye silaha, kisha ubatizo. Vitabu vya wanyama vya zama hizo vilisema pia kwamba joka ni adui wa tembo, na kwamba tembo jike huzaa ndani ya maji, dume akisimama kulinda, kwa hofu ya joka. Nchi vilizozitaja zilikuwa Uhindi na Ethiopia. Ethiopia yenyewe ilikuwa na simulizi lake la nyoka mfalme, Arwe, aliyelishwa mifugo na mabinti hadi alipouawa, na wachoraji wake wa makanisani wamemchora Jiorji, kwao Giyorgis, juu ya farasi mweupe karne hata karne. Kwa hiyo tusiseme joka la kuuawa ni la wazungu pekee. Afrika ilikuwa nalo. Lakini kwenye ziwa letu lilikuja na watu waliokuwa na haraka.

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878. Mapadre Weupe wakafuata Januari 1879. Ng'ambo na kusini, afisa wa Kibelgiji Émile Storms aliongoza kituo cha Karema kuanzia mwaka 1882 na kujenga kingine Mpala, kwa Watabwa, mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimuua Lusinga, mtemi wa Watabwa aliyekuwa na nguvu na aliyejihusisha na biashara ya watumwa, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya wazee wake. Mwaka 1885 Karema na Mpala vikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka mmoja baadaye, mtaalamu Louis Dollo alimwandika fira wa maji wa ziwa hili katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la Storms. Nyoka aliyekuwa hapa kabla ya mtu yeyote akapewa jina la mtu aliyekaa miaka mitatu.

Katika misheni hizo watu waliona sanamu na medali za Bikira Maria akimkanyaga nyoka kichwa. Walisikia habari za Malaika Mikaeli na vita vyake mbinguni. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walihitaji neno la yule mnyama mwekundu, wakalikuta tayari: joka. Neno lilifaa, na imani iliyobebwa nalo imewapa mamilioni ya watu faraja, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini neno lile lilikuwa na mwenyewe. Chatu wa Ufipa na Nfwimina wa Marungu waliingizwa humo bila kuulizwa. Mtu aliyebatizwa akajua kwamba nyoka aliyepakwa mafuta na babu yake ni yule aliyechomwa mkuki.

Maji yaliyomezwa, nchi iliyomezwa

Sura ya 12 ya Ufunuo ina sehemu ambayo husomwa haraka. Joka, baada ya kushindwa mbinguni, linamfukuza yule mwanamke na kutapika maji kama mto ili mafuriko yamchukue. Nchi inamsaidia mwanamke: inafunua kinywa chake na kuumeza mto.

Weka hilo kando ya kisa cha Ujiji. Katika Ufunuo maji ni silaha ya joka na ardhi ni mkombozi. Katika kisa cha Wajiji ardhi inapasuka pia, lakini maji ndiyo yanayoimeza nchi, na kosa si la nyoka wala la mzimu. Kosa ni la mkono uliogusa kisichoguswa. Ufunuo uliandikiwa watu walioonewa na dola, waliohitaji kusikia kwamba dhalimu ataanguka. Kisa cha kisima kilisimuliwa na watu waliokaa juu ya neema kubwa, waliohitaji kukumbushwa kwamba neema ina masharti. Simulizi zote mbili ni kweli, na kila moja ina wakati wake. Yatupasa tujue wakati wetu ni upi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470; duniani ni Baikal pekee linaloshinda kina hicho. Nchi nne zinakula humo: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Katika mialo ya Katonga na Kibirizi wanawake wanaoanika dagaa na wanaume wanaotoka na taa usiku wanaijua hali: dagaa na migebuka si kama zamani. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa kila sufuria ya Kigoma. Mwaka huohuo maji yalipanda kwa mvua nyingi, yakaingia katika makazi ya ufukweni, Bujumbura na Uvira zikiwamo.

Sisemi mzimu umekasirika. Mvua ina sababu zake na samaki wana hesabu zao. Ninasema kwamba wazee waliweka mlango kwenye kisima na kuweka mlinzi mlangoni, wakampa mlinzi sura inayotisha ili mtoto asisahau. Sisi tulifundishwa kumuua mlinzi tukidhani ndiye adui, kisha tukaubakiza mlango wazi. Sasa Serikali na wavuvi wanajaribu kuufunga upya kwa sheria, kwa doria na kwa vikao, na kila mmoja wetu anaona jinsi kazi hiyo ilivyo nzito pale ambapo hofu yenye adabu haipo.

Fira wa maji bado yupo kwenye majabali. Mara nyingine hunaswa nyavuni akifuata samaki walewale tunaowafuata sisi, na mara nyingi hutoka humo akiwa ameshapigwa. Anayemkuta majini anaweza kufanya alivyofanya yule binti wa Gombe: asimame, abane pumzi, angoje wimbi.

Na yule mume wa kisa cha Ujiji, Uvinza alikokwenda ndiko nchi ya chumvi. Kama alifanya biashara ya huko, basi alirudi na mzigo wa chumvi kichwani, chumvi ya kukaushia samaki, akasimama ukingoni mwa maji akitafuta ua wake.